Nibadilishe "mato" iwe "macho" ama niache? Shairi la nyanya limenishinda

mjukuu_wa_kisauni
Habari zenu wanajukwaa, naomba msaada na msinicheke sana maana nimeshachekwa ya kutosha nyumbani. Nyanyangu mzaa mama alifariki mwaka jana, alikuwa mtu wa Mombasa kindakindaki, na juzi tukipanga vitu vyake tumepata daftari ndani ya sanduku limejaa mashairi. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anaandika, hata mama hakujua. Sasa familia imeamua tuchape kijitabu kidogo cha kugawiana sisi kwa sisi na kazi nimetupiwa mimi kwa sababu ati mimi ndiye wa kompyuta.

Mimi nimezaliwa Mombasa lakini nimekulia Nairobi tangu darasa la pili, kwa hivyo Kiswahili changu ni kile cha shule kikichanganywa na cha mtaa. Juzi wakaniambia nisome ubeti mmoja mbele ya mama na dada zake. Kufika mstari wa mwisho nikasoma "ndoo" nikifikiria ni ile ndoo ya kuchotea maji, nikauliza kwani ndoo inarudi nyumbani inatoka wapi, mama mdogo alicheka mpaka akavua miwani akajipangusa machozi.

Ubeti wenyewe ni huu:

*Nimekaa hapa pwani, nikikutolea mato*
*Kitwa nimetiya tini, sikumbuki hata ndoto*
*Mawimbi yana huzuni, yalia kama mtoto*
*Ndoo urudi nyumbani, usiniwashie moto*

Shida ni mbili. Ya kwanza, mjomba wangu mkubwa anasema nisanifishe yote, yaani mato iwe macho, kitwa iwe kichwa, tini iwe chini, ili "watoto wasijifunze makosa". Mama hataki kusikia. Ya pili, kuna mabinamu wako Uingereza hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji na wanataka ya Kiingereza kando. Binamu mmoja alijaribu na programu ya kutafsiri na naapa ilitoa ndoo ya maji, kwa hivyo angalau si mimi peke yangu.

Nifanyeje? Na kuna njia ya kujifunza kulisoma bila kuonekana mtalii kwetu?

MzeeWaMvita
Pole kwa msiba mwanangu, Mungu amrehemu nyanyako. Alikuwa mshairi huyo, usidanganywe na mtu.

Sasa sikiza. Hapo hakuna kosa hata moja la kusahihishwa. Hicho ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Mahali ambapo Kiunguja, kile cha Zanzibar, kina "ch" sisi mara nyingi tuna "t", kwa hivyo macho ni mato, kichwa ni kitwa, chini ni tini, mchanga ni mtanga. Na penye "nj" utakuta "nd", njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni hiyo ndoo yako iliyomtoa mama mdogo machozi. Ukienda Lamu pia utaisikia. Nyanyako hakukosea kuandika, aliandika anavyosema.

Na huyo mjomba mwambie kwa heshima, maana ni mjomba, kwamba Kiswahili sanifu nacho ni lahaja tu iliyopata bahati. Mwaka 1928 wakoloni walifanya mkutano wa kuamua Kiswahili gani kitumike mashuleni kwa nchi zote nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, wakachagua Kiunguja, na 1930 ikaanza kazi kamati ya kukisimamia. Kinachoniuma mimi ni kwamba mkutano wenyewe ulifanyiwa Mombasa. Walikuja kwetu, wakakaa kwetu, wakachagua cha jirani 😂 Kabla ya hapo mashairi makubwa ya pwani ya kaskazini yaliandikwa kwa Kimvita na Kiamu, kile cha Lamu, na hakuna aliyeona haya. Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa Mombasa, alikufa mnamo 1840, diwani yake, yaani mkusanyo wa mashairi yake, ikachapwa 1940, miaka mia baadaye, na Kimvita chake kimo humo humo.

Usiguse hata herufi.

kaka_wa_temeke
Mi nipo Dar na kwa heshima zote kwa mzee hapo juu naomba nimtetee mjomba kidogo, maana naona atasulubiwa bure.

Kijitabu ni cha nani? Ni cha wajukuu. Mjukuu mwenyewe aliyepewa kazi amesoma ndoo ya maji, na huyo ndo msomi wao! Sasa wale wadogo zake wakifungua wakakutana na "kitwa nimetiya tini" watafunga wakaendelea na simu zao. Lugha inayotunzwa halafu hakuna anayeielewa inakuwa kama nguo ya sandukuni, nzuri lakini havai mtu. Mi ningeweka sanifu mbele, halafu ya asili nyuma ya kitabu kwa wanaotaka. Hakuna aliyekufa kwa kuandika macho.

hesabu_ya_mizani
@kaka_wa_temeke jaribu basi kuweka macho hapo. "Nikikutolea macho / sikumbuki hata ndoto / yalia kama mtoto / usiniwashie moto". Umeona? Kina cha mwisho ni TO. Mistari mitatu inaimba na mmoja umekaa pembeni kama mgeni asiyejua wimbo. Ukibadilisha mato inabidi ubadilishe na ndoto na mtoto na moto, na ukimaliza utakuwa umeandika shairi lako wewe.

Tini ukiifanya chini haiharibu kitu kwa sababu kina cha kati ni NI na kinabaki, kitwa nayo iko mwanzoni kwa hivyo haigusi kina. Lakini kwa nini ubadilishe mbili uache moja, utaonekana ulichoka katikati.

kaka_wa_temeke
Sawa hilo la kina nimelikubali, mmenishinda kwa TO. Ila naona mstari wa tatu mizani, yaani hesabu ya silabi, haikutimia, "yalia kama mtoto" nahesabu saba: ya-li-a-ka-ma-mto-to. Au na hiyo ni lahaja 😏

hesabu_ya_mizani
Hapana kaka, hiyo "m" ya mtoto ni silabi inayojitegemea. M-to-to, tatu. Sema polepole uguse kifua, midomo inafunga na sauti inakaa kidogo kabla ya "to". Ya-li-a-ka-ma-m-to-to, nane kamili. Hata "ndoto" iangalie, hapo "nd" imeshikana na "o", ndo-to, mbili tu, kwa sababu n haijakaa peke yake. Watu wengi wanakosea hapo, wanahesabu herufi badala ya kuhesabu mdomo.

Nimehesabu ubeti wote, ni nane kwa nane kila mstari, hajakosea pahali. Mtu ambaye hakuna aliyejua anaandika! Huyo bibi alikuwa anaimba kichwani wakati anapika, nawaambia.

mjukuu_wa_kisauni
Asanteni sana jamani, hiyo ya TO sikuwa nimeiona kabisa na nimeusoma huo ubeti zaidi ya mara ishirini. Nimemtumia mama akasema "si nilisema". Mjomba bado hajajibu kwa grupu, ameona tu alama za buluu.

Sasa Kiingereza?

tafsiri_na_kahawa
Nafanya kazi ya kutafsiri, mara nyingi mikataba na maelezo ya dawa, kwa hivyo mtu akiniletea shairi nafurahi kama mtoto. Nitasema marefu mnisamehe.

Jambo la kwanza, usilazimishe vina kwenye Kiingereza. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hivyo mshairi wa Kiswahili anaweza kushika kina kimoja shairi zima na kisichoshe, kinapita kama mawimbi tu. Kiingereza maneno yake yanaishia na kila aina ya konsonanti, ukikilazimisha kuimba hivyo hivyo mistari minne mfululizo kinaanza kusikika kama wimbo wa chekechea, na huzuni ya nyanyako itageuka kichekesho. Kitu cha kubeba ni ile pumzi ya katikati, pale penye koma. Kila mstari una nusu mbili, nusu ya kwanza inasema yuko wapi au kuna nini, ya pili inasema anaumia vipi. Hiyo inabebeka. Weka mstari, kata katikati, acha nafasi nyeupe.

Nyerere alipotafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, toleo la kwanza 1963 halafu akalirudia 1969 kama Juliasi Kaizari, hakuweka vina vya shairi letu, kwa sababu mchezo wenyewe sehemu kubwa hauna vina, una mapigo. Akafuata mapigo. Na huyu ni mtu aliyejua kutunga mashairi ya vina vizuri tu, kwa hivyo hakuacha kwa kushindwa.

Pia alitafsiri ule mchezo wa mfanyabiashara wa Venisi akauita Mabepari wa Venisi. Neno bepari limetoka Uhindi na kwao ni mfanyabiashara tu, lakini kwa msomaji wa Tanzania ya 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la siasa ya ujamaa, bepari alikuwa ni mtu mwingine kabisa, mnyonyaji! Neno moja kwenye jalada na kitabu kizima kimeshaegemea upande. Nalitaja kwa sababu na wewe utakutana na neno kama hilo, na naona ni hilo la mwisho, moto.

"Usiniwashie moto" unaelewa vipi? Mimi nasikia mawili kwa pamoja. Moja ni kumwambia mtu usiniletee balaa, usinichokoze. La pili ni moto wa moyoni, usiniache niungue. Kwa Kiswahili yote mawili yanakaa kwenye kiti kimoja bila kugombana. Kwa Kiingereza itabidi uchague, na ukichagua la ugomvi anakuwa mama mkali, ukichagua la moyo anakuwa mpenzi. Kwa hiyo kabla sijakushauri nijibu, anaongea na nani?

mjukuu_wa_kisauni
Na babu nadhani? Si ni shairi la mapenzi? Binamu yangu kwa ile tafsiri yake ameshaandika ni mke anamngoja mume.

tafsiri_na_kahawa
Ona sasa. Wapi ameandika mume? Angalia tena ubeti. Kuna "u" ya urudi, kuna "ku" ya nikikutolea. Hizo hazisemi mwanamume wala mwanamke, hazisemi mkubwa wala mdogo. Nikikutolea mato anaweza kuambiwa mume, dada, mtoto, rafiki, hata mashua. Na bahati yako Kiingereza nacho kina neno moja la "wewe" kwa wote, kwa hivyo ukilitafsiri kama lilivyo, mtu anasema na mtu, huhitaji kumtaja jinsia. Ni binamu aliyemwingiza mume. Watu wengi wakiona mwanamke amekaa pwani wanaona mume baharini, hata kama hajatajwa.

Muulize mama.

UpepoWaShela
Nasoma hapa kimyakimya tangu asubuhi, mimi ni wa Lamu. Naomba niseme kuhusu lile swali lako la kusoma maana wote wamelipita, wamekimbilia Kiingereza.

Usijifunze kusoma hilo shairi kwa macho. Mashairi ya kwetu hayakuandikwa yasomwe kimya, yaliandikwa yaimbwe, hata neno "utungo" na "wimbo" watu huchanganya. Kila aina ina mahadhi yake. Mtafute yule mama mdogo aliyekucheka, mwambie aliimbe, wewe ulirekodi kwa simu, halafu ulisikize ukiwa unaosha vyombo mpaka likukae. Lafudhi haiingii kwa kuelezwa.

Lakini kwa sababu umeuliza nikupe moja ya kuanzia. Weka kiganja mbele ya mdomo. Sema paa, la nyumba. Halafu sema paa, yule mnyama. Kwenye kitabu ni neno moja, lakini sisi watu wa pwani ya huku tukisema mnyama pumzi inapiga kiganja, tukisema la nyumba haipigi. Kaa la moto na kaa wa baharini ni hivyo hivyo, yule wa baharini ndiye mwenye pumzi. Nyanyako alikuwa na hiyo tofauti mdomoni maisha yake yote na pengine hakuwahi kujua kwamba anayo. Hizi herufi za kizungu haziionyeshi. Kwa hivyo hata ukichapa kwa uaminifu wote kuna kitu hakitaingia kwenye karatasi, na hicho ndicho mabinamu wa Uingereza wanaweza kupata bila kujua Kiswahili. Watumie ile sauti! Tafsiri iwe ya kufuatia tu wakati wanasikiliza.

MzeeWaMvita
@UpepoWaShela umesema kweli wallahi. Na sisi "t" tunazo mbili pia, moja ya kwenye meno na moja ya nyuma kidogo kwenye ufizi. Hiyo nayo nimemfundisha mkwe wangu wa bara miaka sita hajaipata, lakini anajitahidi na simsemi.

Mjukuu, kwenye kitabu ziache lugha zake halafu chini ya kila ukurasa weka sherehe. Mato, macho. Kitwa, kichwa. Ndoo, njoo. Maneno matano sita tu, na huyo kaka wa Temeke atakuwa amepata haki yake pia.

mjukuu_wa_kisauni
Sherehe?? Chini ya ukurasa?

hesabu_ya_mizani
😂😂😂 Sherehe ni maelezo ya maneno magumu. Si ile ya Nairobi ya Ijumaa.

kaka_wa_temeke
Nimecheka kwa sauti ndani ya daladala watu wananiangalia. Huyu kijana ndo maana bibi alificha daftari.

Ila sherehe naikubali, ni wazo zuri kuliko langu la kuweka sanifu mbele.

mjukuu_wa_kisauni
Nimerudi, samahani kwa kukaa kimya siku tatu.

Nimemuuliza mama. Kwanza akanikumbusha kitu ambacho ningepaswa kukijua mwenyewe, babu alikuwa fundi cherehani, hajawahi kupanda hata ngalawa, feri ya Likoni yenyewe alikuwa anapanda akishika nguzo. Kwa hivyo si babu. Akanyamaza halafu akaniuliza ubeti uko ukurasa gani, nikamtumia picha, juu pembeni kumeandikwa 1974 kwa kalamu nyingine. Mama alikuwa mdogo wakati huo lakini anakumbuka kwamba huo mwaka mjomba, huyu huyu mjomba mkubwa wa sanifisheni, alikuwa ameondoka na meli ya mizigo baada ya kugombana na nyanya kuhusu shule, na walikaa zaidi ya mwaka bila barua.

Sikujua nimwambieje. Nikamtumia tu picha ya ukurasa bila maneno, peke yake si kwenye grupu. Alikaa siku nzima. Halafu usiku akaniandikia "hiyo mato uiache", na baadaye kidogo, "kitwa pia".

@tafsiri_na_kahawa kwa hivyo moto ni upi sasa?

tafsiri_na_kahawa
Nimeisoma hii mara tatu. Ni yote mawili, ndiyo maana alitumia neno moja. Mama aliyegombana na mwanawe anamwambia usinichokoze na usiniunguze kwa pumzi hiyo hiyo. Kwa Kiingereza ningeacha moto uwe moto, neno lenyewe tupu bila kufafanua, na mstari wa juu yake, ule wa mtoto, ungeubeba. Angalia tena alivyopanga: bahari inalia kama mtoto, na mstari unaofuata anamwita arudi. Tulikuwa tumepewa jibu tangu mwanzo tukakaa kuhesabu mizani.

Na mwambie binamu amtoe yule mume.

mjukuu_wa_kisauni
Ameshamtoa, ameomba msamaha kwa grupu nzima.

Swali la mwisho halafu nawaacha. Kurasa nne za mwisho za daftari zimeandikwa kwa hati za Kiarabu lakini mama anasema si Kiarabu, ni Kiswahili. Yeye anasoma Kurani vizuri tu lakini hapa anasema maneno hayakai. Kuna neno anasoma "doto" anasema haliingii akilini, na lingine linaweza kuwa na "i" ama "e" hajui.

MzeeWaMvita
Hiyo doto ni ndoto. Waandishi wetu wa zamani wengi hawakuiandika ile "n" ya mbele ya "d", wala "m" ya mbele ya "b", wimbi utaliona limekaa "wibi". Msomaji alitarajiwa aijue lugha ajazie mwenyewe. Na ile alama ya chini inaweza kuwa i au e, ya juu u au o, unachagua kwa maana na kwa kina. Mama yako akisoma kama Kurani atakwama kwa sababu Kurani kila sauti imewekwa wazi, huku nusu ya kazi ameachiwa yeye. Alisome kwa sauti, polepole, kama anakumbuka kitu alichoambiwa na mamake, yatajikaa.

Na yakikataa nitumie picha hizo kurasa mwanangu, babangu alikuwa akiandika hivyo hivyo. Lakini piga mchana, karibu na dirisha, usitumie taa ya simu, wino wa zamani unapotea.